Jinsi ya kuomba nafasi ya mafunzo ya uwandani ya jiolojia ya mazingira nje ya nchi

Wengi huanza na fomu, ndiyo maana hukwama. Anza na tarehe ya safari, halafu hesabu kurudi nyuma. Ukiwa na miezi minane utafanya mambo kwa utulivu; ukiwa na minne utakimbizana na mihuri. Mfano wangu hapa ni safari ya kusini mwa Hispania, kwa kuwa kule madhara ya uchimbaji yanaonekana kwa macho, na masharti makuu ya viza ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni yale yale kwa nchi zote za eneo hilo.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha masomo yatahesabiwa. Mwandikie mratibu wa kozi idarani kwenu, ukiambatisha muhtasari wa mafunzo: siku za uwandani ni ngapi, nani atasahihisha, ripoti inayotakiwa ni ya aina gani. Omba jibu la maandishi. "Hiyo haina shida" uliyoambiwa koridoni haitakusaidia mratibu akibadilishwa.

Hatua ya pili, barua ya maombi. Hapa usiharakishe. Nimesoma barua nyingi zinazoanza na "Tangu utotoni nimependa mazingira", na sikumbuki hata moja ya waandishi wake. Anayechagua anataka kujua utapima nini, wapi, na kwa nini hapo. Linganisha hizi mbili:

"Ningependa kujifunza kuhusu uchafuzi wa maji migodini."

"Maji ya Río Tinto ni mekundu na pH yake, yaani kipimo cha asidi, ni karibu 2, kwa sababu pairiti (madini ya chuma na salfa) iliyo kwenye miamba ya Huelva ikikutana na hewa na maji huzalisha asidi. Nataka kupima pH na upitishaji umeme juu na chini ya mahali kijito kisafi kinapoingia mtoni, nione chuma kinaanza kutuama wapi."

Wa pili hajajisifu popote, lakini tayari unamwona amechutama ukingoni na kipimo mkononi. Kama ratiba inafika Aznalcóllar, ambako bwawa la topesumu, yaani mabaki ya mgodi, lilipasuka Aprili 25, 1998 na kumwaga tope na maji yenye asidi kwenye mto Guadiamar, jirani na hifadhi ya Doñana, usisimulie ajali. Wenyeji wako wanaijua kuliko wewe. Uliza ni metali gani zimebaki udongoni na kwa kina gani. Ukurasa mmoja unatosha.

Nyaraka nyingine ni za kawaida: matokeo ya masomo, barua za wadhamini, fomu ya afya. Wadhamini wape wiki tatu pamoja na nakala ya barua yako. Kwenye fomu ya afya sema kweli. Pumu ikifichwa hujitokeza penye mwinuko, saa mbili kutoka barabarani.

Ukishapata nafasi, geukia viza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Kwa kawaida uamuzi hutoka ndani ya siku 15, ila unaweza kufika siku 45, kwa hiyo hizo 15 za mwisho usizitegemee. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka eneo hilo. Ukipita nchi mbili au tatu, omba kwenye ubalozi wa ile utakayokaa siku nyingi zaidi. Barua ya mwaliko iwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, mahali pa kulala na nani analipa nini. Tena, wanafunzi wanaosafiri kwa masomo au mafunzo wamesamehewa ada ya viza yenyewe. Wengi hulipa kwa kutojua. Gharama ya kituo kinachopokea maombi ni jambo jingine.

Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000 na igharamie matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani. Mimi niliwahi kukata bima ya bei poa, nikaja kugundua usiku wa kuamkia safari kwamba haigusi ajali za machimboni, na ratiba yetu ilikuwa machimbo matupu. Soma sehemu ya mambo yasiyolipiwa kabla ya kulipa.

Mwisho ni sampuli, ambazo husahaulika hadi uwanja wa ndege. Mwombe mwenyeji akuthibitishie kwa maandishi nani ana kibali cha kuchukua mawe, maji na udongo. Ndani ya hifadhi hata kokoto moja huhitaji ruhusa. Udongo ndio wenye taabu kubwa zaidi, kwa sababu hubeba kuvu na minyoo inayodhuru mimea. Marekani, kwa mfano, udongo wa kutoka nje hauingii bila kibali cha idara ya kilimo. Njia nyepesi ni kuomba mapema upimaji ufanyike kwenye maabara ya mwenyeji, nawe urudi na majedwali ya matokeo, picha na daftari lako la uwandani. Ombi hilo lipeleke siku ile ile unapokubali nafasi, maana maabara nazo zina foleni.