Kuchagua Hedifoni za Kompyuta Ukiwa na Fedha Kidogo

Mnunuzi mwenye fedha kidogo huuliza hedifoni ipi ni bora kuliko zote, na kwa kuwa swali hilo halina jibu, hujibiwa na yeyote mwenye bidhaa ya kuuza. Maswali yanayostahili kutangulia ni mengine: hedifoni hizo zitachomekwa kwenye tundu gani, zitakaa kichwani kwa saa ngapi kwa siku, na ni nani mwingine atakayekuwamo chumbani. Anayehariri sauti usiku akiwa peke yake na anayefanya kazi katika ofisi yenye watu kumi hawawezi kushauriwa wanunue kitu kimoja, hata kama mifuko yao inalingana.

Kabla ya hapo kuna imani moja ya kuitoa kichwani, nayo ni kwamba ubora wa sauti hupanda pamoja na bei. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya vipimo vya hedifoni 283, za bei ya chini na za bei ya kutisha, na hakuona uhusiano wa maana kati ya bei na mwitiko wa masafa, yaani jinsi hedifoni inavyogawa nguvu kati ya sauti nzito, za kati na nyembamba. Hii haina maana kwamba hedifoni zote ni sawa. Tofauti zipo, na nyingine ni kubwa, ila hazifuati kibandiko cha bei. Kinacholipiwa zaidi mara nyingi ni jina, chuma badala ya plastiki, betri, Bluetooth na mfumo wa kuzima kelele za nje.

Kwa mwenye fedha nyingi mambo hayo yote yanaweza kukaa pamoja, lakini kwa mwenye fedha kidogo yanagombea fungu lile lile. Hedifoni ya bei ya chini iliyorundikiwa Bluetooth, maikrofoni, taa za rangi na ahadi ya sauti ya 7.1, yaani sauti ya kumzunguka msikilizaji kana kwamba ana spika nane, imelipiwa kila kitu isipokuwa viwambo vinavyotoa sauti. Taa zenyewe huwaka mahali ambapo mvaaji ndiye mtu pekee asiyeweza kuziona. Na hiyo 7.1 kwa kawaida ni kazi ya programu inayocheza na viwambo viwili tu, kazi ambayo Windows 10 na 11 zinaweza kuifanya bila malipo kwa kutumia Windows Sonic iliyomo ndani yake. Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi: kama fedha ni kidogo, nunua hedifoni za waya zisizo na mapambo, na kama unahitaji maikrofoni kwa ajili ya mikutano, nunua ndogo iliyo peke yake au tumia iliyomo kwenye kompyuta.

Hata bila kutazama bei, Bluetooth ina tabia mbili zinazomsumbua mtumiaji wa kompyuta kuliko wa simu. Ya kwanza ni kuchelewa kwa sauti, ambako hakuonekani unaposikiliza wimbo, lakini huonekana mara moja unapocheza mchezo au kupiga kinanda kilichounganishwa na kompyuta. Ya pili huwashangaza wengi: mara tu programu ya mkutano inapowasha maikrofoni ya hedifoni hizo, mifumo mingi huhamia kwenye njia iliyotengenezwa kwa ajili ya kupiga simu, na muziki uliokuwa mpana hugeuka kuwa sauti nyembamba isiyotofautisha kulia na kushoto, kama ya redio ya zamani. Watu hurudisha hedifoni dukani wakidhani zimekufa, kumbe zinafanya kazi vile zilivyoundwa.

Anza na tundu la kompyuta

Niliwahi kununua hedifoni za studio za omu 250 kwa sababu zilisifiwa kila mahali na zilikuwa zimeshushwa bei. Nilizichomeka kwenye kompyuta mpakato, nikapandisha sauti hadi mwisho, na mwimbaji akaimba kana kwamba yuko chumba cha pili na mlango umefungwa. Hedifoni hazikuwa na kasoro yoyote. Aliyekosea ni mimi, kwa kutosoma tarakimu moja iliyoandikwa pembeni mwa boksi.

Tarakimu hiyo ni ukinzani wa umeme, unaopimwa kwa omu. Chukua mfano wa tundu linaloweza kutoa volti 1. Likichomekwa hedifoni ya omu 32, hedifoni hiyo hupata takriban milivati 31. Likichomekwa ya omu 250, hedifoni hupata milivati 4 tu kutoka kwenye tundu lile lile. Hiyo ya pili inahitaji amplifaya, yaani kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti, na bei ya amplifaya ni sehemu ya bei ya hedifoni hata kama muuzaji hakuitaja. Kwa mtu anayetaka kuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, omu 16 hadi 64 ni eneo salama, na 80 ni mpaka ambao sipendi kuuvuka. Uangalifu zaidi unahitajika pale ambapo jina moja linabeba bidhaa tofauti: DT 770 Pro ya Beyerdynamic, kwa mfano, imeuzwa kwa omu 32, 80 na 250, na anayefuata sifa za jina bila kuuliza ni ya omu ngapi anaweza kuishia nilipoishia mimi.

Ukinzani pekee hautoshi. Utazame pamoja na usikivu wa hedifoni, yaani desibeli inazotoa kwa kiasi fulani cha umeme. Hedifoni ya desibeli 90 kwa milivati huhitaji nguvu mara kumi ya ile ya desibeli 100 ili zisikike sawa, kwa hiyo tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi si ndogo hata kidogo. Tatizo ni kwamba watengenezaji wengine hupima kwa milivati na wengine kwa volti, na kipimo cha volti hutoa tarakimu kubwa zaidi. Hedifoni ya omu 32 yenye desibeli 100 kwa milivati ni hiyo hiyo yenye desibeli 115 kwa volti. Usilinganishe boksi mbili kabla ya kuona kila moja imetumia kipimo gani.

Tarakimu ambayo unaweza kuipuuza kabisa ni ile ya upana wa masafa. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia takriban Hz (mitetemo kwa sekunde) 20 hadi 20,000, na kikomo cha juu hushuka kadiri umri unavyosonga, kwa hiyo boksi linalojivunia Hz 5 hadi 40,000 linaahidi vitu ambavyo hakuna atakayevisikia, tena halisemi sauti hizo zinatoka kwa nguvu kiasi gani.

Kisha kuna kelele za kompyuta yenyewe. Kabla ya kulaumu hedifoni, au kununua za gharama zaidi, fanya jaribio hili: simamisha kila kitu kinachocheza, pandisha sauti juu, halafu sogeza kipanya taratibu kwenye mkeka wake na ufungue madirisha mawili matatu. Ukisikia mkwaruzo au mlio mwembamba unaobadilika kufuatana na mkono wako, hizo ni kelele za umeme wa ndani ya kompyuta zinazovuja kwenye sehemu ya sauti, na hedifoni nzuri zaidi zitakusikilizisha kelele hizo kwa uwazi zaidi. Kwenye kompyuta ya mezani, hamisha waya kutoka tundu la mbele kwenda la nyuma, kwa sababu la mbele huunganishwa na bodi kuu kwa waya unaopita katikati ya vifaa vyenye kelele. Ikishindikana, adapta ndogo ya sauti ya USB, ambayo hugeuza dijitali kuwa sauti nje ya boksi la kompyuta, mara nyingi humaliza tatizo kwa gharama ndogo kuliko hedifoni mpya.

Kuhusu pini, hesabu mikanda myeusi. Pini ya milimita 3.5 yenye mikanda miwili ni ya kusikiliza tu; yenye mitatu ina maikrofoni pia, na kompyuta yenye matundu mawili yaliyotengana itahitaji kigawanyio ili maikrofoni ifanye kazi. Kuna dalili moja inayofaa kukumbukwa: ukichomeka na muziki ukasikika lakini sauti ya mwimbaji imetoweka kana kwamba amezama kisimani, pini haijaingia hadi mwisho au haiendani na tundu. Waya wa pamoja umekosa mguso, na unachosikia ni tofauti tu kati ya upande wa kulia na wa kushoto, ambamo kila kilichorekodiwa katikati hujifuta.

Umbo, kichwa na masikio

Hedifoni ambazo vikombe vyake vina matundu kwa nje hutoa sauti yenye nafasi, isiyobana, na huacha masikio yapumue. Gharama yake ni kwamba aliye jirani atasikia unachosikiliza nawe utamsikia yeye. Zilizofungwa hulinda faragha ya pande zote mbili na mara nyingi huwa na besi zaidi, lakini masikio hupata joto. Ukikaa peke yako chumbani na pakiwa kimya, chagua za wazi bila kusita, kwa kuwa katika bei ya chini ndizo zenye makosa machache zaidi. Ukiwa na wenzako, za wazi ni kero kwao, na hapo mjadala umekwisha.

Zile ndogo za kutumbukiza sikioni ndizo mara nyingi zinazotoa sauti bora zaidi kwa fedha kidogo sana, mradi vifuniko vya mpira viwe vya ukubwa unaoziba sikio vizuri. Kifuniko kidogo kikivuja hewa, besi yote hupotea. Shida yake ni saa. Wengi wetu hatuwezi kuvumilia kitu ndani ya sikio kuanzia asubuhi hadi jioni.

Ningependa mnunuzi azitazame pia hedifoni zenye umri mkubwa. Koss Porta Pro, nyepesi na za wazi, ziko sokoni tangu 1984. Sony MDR-7506, zilizofungwa na zinazojulikana katika studio nyingi, tangu 1991. Muundo uliokaa sokoni kwa miaka mingi hivyo tabia zake zinajulikana, mito yake ya kubadilisha hupatikana, na hulipii gharama ya tangazo jipya.

Starehe haisomwi kwenye boksi. Vaa hedifoni kwa dakika 15 au 20, ukiwa umevaa miwani kama huwa unavaa, kwa sababu mito mizito hukandamiza mikono ya miwani dhidi ya fuvu na maumivu yake huanza baada ya muda. Angalia kama sikio linaingia lote ndani ya mto bila ncha yake kugusa kitambaa kinachofunika kiwambo. Uzito ukizidi gramu 300 hivi, uti wa shingo utakupa taarifa kabla ya siku kwisha. Mito ya ngozi bandia ya bei ya chini huchanika baada ya mwaka mmoja au miwili na kuacha vijiganda vyeusi masikioni na kwenye kola ya shati, hivyo uliza kama mito inatoka na kama ya badala inauzwa. Jua pia kwamba mto mwembamba au mnene kuliko wa awali hubadilisha sauti.

Sehemu inayokufa kwanza, hata hivyo, ni waya, na hufia karibu mahali pale pale: sentimita moja au mbili kutoka kwenye shingo ya pini, ambapo hukunjwa kila siku na ukingo wa meza. Upande mmoja huanza kukatika na kurudi ukiutikisa. Hedifoni yenye waya unaochomoka hupona kwa kununua waya. Yenye waya uliozama ndani ya kikombe inahitaji fundi na chuma cha kulehemu. Nikilazimika kuchagua kati ya mbili zinazokaribiana kwa sauti, hushinda ile yenye waya unaochomoka.

Kusikiliza kabla ya kulipa

Beba nyimbo tatu au nne unazozijua kwa moyo, na rekodi moja ya mtu akizungumza. Usitumie wimbo wa maonyesho wa muuzaji, kwani umechaguliwa ili kila hedifoni isikike nzuri. Anza na mazungumzo: sauti ya mtu ndiyo sikio linaijua kuliko zote, na ikisikika kama inatoka ndani ya ndoo au puani, hakuna besi itakayoifidia. Sikiliza herufi S; zikichoma kama sindano kwa dakika tano, zitakuchosha kwa saa tano. Kisha tafuta wimbo ambamo gitaa la besi na ngoma kubwa vinatembea pamoja, uone kama unavitenganisha au ni mngurumo mmoja tu.

Unapolinganisha mbili, zisawazishe kwanza kwa ukubwa wa sauti. Hedifoni inayopiga juu zaidi kidogo karibu kila mara huonekana bora, na wengi hununua ukubwa wa sauti wakidhani wamenunua ubora.

Usikate tamaa na hedifoni zinazokutosha vizuri kichwani lakini zina besi iliyozidi. Hapa ndipo msikilizaji wa kompyuta ana bahati kuliko wengine: Equalizer APO kwenye Windows na EasyEffects kwenye Linux ni programu za bure zinazorekebisha masafa ya kila kitu kinachotoka kwenye kompyuta. Punguza kinachozidi badala ya kuongeza kinachopungua, na ukiongeza desibeli 4 mahali popote, shusha kiwango cha jumla kwa desibeli 4, la sivyo sauti itapasuka kwenye milio mikubwa. Programu haiwezi kulegeza upinde unaobana, wala kuponya mto unaowasha, na ndiyo maana napima kichwa kabla ya sikio.

Mwishowe, kiwango cha sauti. Shirika la Afya Duniani huweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, ambazo mtu wa kompyuta huzimaliza kwa siku tano za kazi. Chagua kiwango asubuhi chumba kikiwa kimya, ukiwa bado unamsikia mtu anayekuita kwa sauti ya kawaida ikiwa hedifoni zako ni za wazi, kumbuka kitelezi kimesimama kwenye namba ngapi, na jioni, sikio likiwa limechoka na kuomba zaidi, kirudishe kwenye namba hiyo.