Chalenji ya picha ya kila wiki: jinsi ya kushiriki na grupu lako bila kuishia njiani

Nimeona watu wengi sana wanaingia kwenye magrupu ya picha na moto wa ajabu, wiki ya kwanza wanatuma picha kumi, wiki ya pili mbili, baada ya hapo kimya kabisa na ukiwauliza wanakwambia "sina kamera ya maana". Kamera sio shida. Wengi wanapotea kwa sababu hawajaambiwa chalenji inaendaje na nini hasa kinamjenga mtu mle ndani, na mimi naipenda hii kitu kiasi kwamba inaniuma kuona mtu anaacha mapema, so ngoja niielezee yote.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Jumatatu admini anatupa mada, neno moja au mawili tu, mfano "mlango" au "kusubiri", mna mpaka Jumapili usiku, kila mtu anatuma picha MOJA aliyoipiga wiki hiyo hiyo, halafu mnajadiliana. Sio za kwenye galari za mwaka juzi, sio za kuokota mtandaoni, sio za kutengenezewa na AI. Kama grupu lenu linaruhusu hizo basi hilo ni grupu la kutumiana picha tu, tafuteni mtu mwenye msimamo awe admini.

Mada isome kwanza kabla hujatoa simu mfukoni. Tuchukue "kusubiri". Kitu cha kwanza kitakachokujia kichwani ni kituo cha mwendokasi, cha pili foleni ya pantoni Kigamboni, cha tatu watu kwenye benchi la zahanati, na wenzako wote kichwani wana hizo hizo tatu. Ziandike kwenye noti za simu alafu ziweke pembeni, jiulize pale mtaani kwako nani anaiishi hii mada kila siku bila hata kujua. Kinyozi amekaa kwenye kiti cha mteja saa nne asubuhi, kiti kingine kitupu. Unga wa chapati umefunikwa na bakuli unatulia. Yunifomu ya shule inaning'inia kwenye kamba Jumapili jioni na wingu limeanza kukusanyika. Hapo umeshapata picha ambayo hakuna mwingine atakayeileta, na zote ziko hatua chache kutoka mlangoni kwako.

Kuna mada za vitu (viatu, ndoo, dirisha), mada za hisia (upweke, furaha) na mada za ufundi (vivuli, mistari, rangi moja, nyeusi na nyeupe). Kwa grupu changa anzeni na vitu na ufundi, hisia ziacheni kwanza maana ukimpa mtu mpya "upweke" atakuletea mtu kainamisha kichwa ukutani, kila wiki. Mada za ufundi ndo zinafundisha zaidi. Mtu aliyehangaika wiki nzima na vivuli hatembei tena barabarani kama zamani, kila ukuta anauangalia.

Na hapo kwenye vivuli nisimame kidogo maana sisi wa huku jua letu lina tabia zake, na ushauri mwingi wa picha unaozunguka umeandikwa na watu wa nchi za mbali ambako jioni inachukua muda mrefu. Dar jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu na ushee mwaka mzima, na likizama halichelewi, linashuka karibu wima, dakika 20 hivi na giza limeshaingia. Ule mwanga laini wa dhahabu ni mfupi, ukisema ngoja nimalize chai ndo nitoke umekwisha. Kwa hiyo unafika mahali mapema, unachagua engo, unakaa unasubiri mwanga ukukute hapo.

Saa sita mchana ni kazi ngumu kwa picha za watu, jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo meusi. Mhamishe mtu kivulini, barazani, chini ya mwembe, au mweke mlangoni kwa ndani aangalie nje. Lakini kwa mada ya vivuli mchana huo huo una zawadi yake. Mwanzoni mwa Machi na karibu na Oktoba 10 jua linapita juu kabisa ya Dar, nguzo iliyosimama wima inabaki karibu haina kivuli. Wa Nairobi kwenu inatokea katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, na ndugu zetu mlioko Muscat ni mwezi Juni, karibu na tarehe 21. Juni na Julai hapa Dar kivuli cha mchana kinaangukia kusini, Desemba kinageuka kinaangukia kaskazini. Kama grupu lenu lina watu miji tofauti toeni mada ya "kivuli cha saa sita" wote siku moja, muone zinavyotofautiana.

Simu sasa. Futa lenzi kwa kitambaa laini, najua inaonekana jambo dogo ila mafuta ya vidole ndo chanzo cha ule ukungu kwenye picha nyingi sana. Washa gridi kwenye setingi za kamera, ile mistari inakusaidia upeo wa bahari usilale upande. Bonyeza kidole kwenye kitu unachotaka na ukishikilie mpaka fokasi ijifunge, halafu shusha mwanga kidogo kwa kuburuza kile kijua kinachotokea pembeni. Ukimpiga mtu mweusi mwenzetu mbele ya anga jeupe au ukuta wa chokaa, simu inaona weupe mwingi inapunguza mwanga, sura inapotea kabisa, kwa hiyo gusa USO wake sio ukuta, anga likiungua kidogo acha liungue. Na usizumu kwa vidole jamani. Sogea kwa miguu.

Nichukue mfano mmoja nauelezea wote, mada iwe "kinywaji" na umeamua kwenda kwa mzee wa kahawa. Nenda jioni kwenye saa kumi na moja. Usifike na simu imeshanyooshwa, fika na salamu, "Shikamoo mzee", nunua kahawa, kaa kwenye benchi, kunywa, sikiliza stori za mpira na siasa zinazoendelea pale. Wakati unakunywa macho yako yanafanya kazi: jua linaingilia wapi, birika liko wapi, nyuma yake kuna nini. Mvuke unaonekana vizuri ukiwa na mwanga unaotokea nyuma yake na kitu cheusi upande wa mbali, mfano mlango wa duka uliofungwa au kivuli cha nyumba, bila hivyo hutauona kwenye picha hata ukiwa mwingi. Ukishajua unataka kusimama wapi ndo unaomba, "mzee wangu, naomba nikupige picha ukimimina, nitakuonyesha". Akikubali chuchumaa, simu iwe usawa wa kikombe, na umsubiri mteja wa kweli aje ili amimine kama anavyomiminaga siku zote, sio akupozie. Kahawa ikianza kutoka mdomoni mwa birika piga mfululizo, kwa namna simu yako inavyoruhusu. Ule uzi mweusi kati ya birika na kikombe, vidole vyake vimeshika kikombe kwa ukingoni kwa sababu kina moto, mvuke umewaka jua, hiyo ndo picha. Halafu muonyeshe kama ulivyoahidi, na kama ana WhatsApp mtumie, kama hana kaisafishe studio, itoke kwenye karatasi, siku ukipata hela umpelekee. Ukirudi wiki nyingine utapokelewa kama mwenyeji.

Suala la ruhusa sio la hiari. Mtoto, muombe mzazi. Wagonjwa na misiba acha. Zanzibar na pwani kwa ujumla kina mama wengi hawapendi kupigwa, ukiambiwa hapana sema ahsante uondoke, usijifanye unapiga ukuta. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019, kwa hiyo sura ya mtu sio kitu cha kuchezea. Na ukienda Feri, soko la samaki la Dar, kupiga wavuvi, ambako ni pazuri mno alfajiri samaki zikishushwa, kumbuka Ikulu iko pale pale jirani, geuzia simu yako baharini na sokoni. Kambi za jeshi na vituo vya polisi usisogeze kabisa simu.

Umeshapiga, una picha arobaini. Kuchagua moja ndo mtihani, na hapa ndo mtu anakua kuliko popote. Usichague usiku ule ule ukiwa bado na raha ya kupiga. Lala. Kesho yake futa zilizotikisika, bakiza tatu, ziangalie zikiwa ndogo kwenye galari, ile inayosomeka hata ikiwa ndogo kama kucha huwa ndo yenye nguvu. Kisha muonyeshe mtu wa nyumbani ambaye hajui mada, muulize anaona nini. Akisema kitu kinachokaribiana na mada, tuma. Akisema "naona ndoo", basi ndoo imekula picha yako, kropu (yaani kata kingo) au chukua nyingine. Kueditii iwe kidogo: nyoosha, kropu, fungua vivuli kiasi, Snapseed, programu ya kuedit picha kwenye simu, ni ya bure na inatosha sana. Ngozi ya mtu usiibadilishe rangi.

Kwa wiki ya nyeusi na nyeupe, aliyeko Zanzibar apite Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, ilifunguliwa 1930 na Ranchhod Oza na picha za zamani bado ziko ukutani. Angalia mwanga unavyogonga kuta na nyuso kwenye picha zile, rangi hazipo na huzikumbuki kabisa.

Kutuma kuna mambo yake. WhatsApp inaibana picha, kwa hiyo chagua HD, au itume kama dokumenti ibaki ilivyo. Ila ujue dokumenti inabeba na taarifa zilizomo ndani ya faili, ikiwemo mahali ulipopigia kama lokesheni ya kamera iko on. Kama umepigia nyumbani kwako na grupu lina watu usiowajua, zima lokesheni kwenye kamera mapema. Chini ya picha andika mahali, saa, na sentensi moja basi. Usiielezee picha aya nzima, waache watu waangalie.

Halafu maoni, na hapa nataka tuelewane vizuri kwa sababu grupu linakufa au kupona kwenye maoni, sio kwenye picha. "Kali sana mkuu" na vimoto vitatu havimsaidii mtu kitu, kesho atapiga vile vile. Mwambie jicho lako lilitua wapi kwanza, kipi kimefanya kazi, na kipi kimoja ungebadilisha. Kama hivi: "Dada, jicho langu lilienda moja kwa moja kwenye mkono, ule unga kwenye mistari ya kiganja umeshika mwanga vizuri mno. Ile ndoo ya kijani nyuma ndo inanivuta, ungehamia kushoto hatua moja ingejificha nyuma ya mlango." Haichukui hata dakika mbili kuandika, na huyo dada wiki ijayo atakagua nyuma ya kila mtu anayempiga. Jiwekee sheria, kabla hujatuma yako toa maoni ya kweli kwa watu wawili, mmoja wao awe mgeni kwenye grupu. Na ukiambiwa wewe, usijitetee. Sema ahsante, kafungue picha yako tena uangalie alichokiona mwenzio, unaweza usikubaliane naye na ni sawa tu.

Ukikosa wiki, umekosa, usianze kulipa madeni ya picha maana ndo mwanzo wa kukata tamaa, ingia kwenye mada iliyopo. Admini naye asibebe kila kitu peke yake, zungusheni kazi ya kutoa mada, kila wiki mtu mmoja, na mada ziendane na msimu: masika mnatupa "maji barabarani", Ramadhani "kabla ya adhana ya magharibi", msimu wa embe "manjano", kusi ikivuma "upepo". Maisha ya kwetu yana mada za kutosha mwaka mzima na zaidi.

Mwisho wa mwaka, au Agosti 19 ambayo ni siku ya picha duniani, kila mtu achague picha yake moja iliyosemwa vizuri zaidi, mchangishane, mzisafishe kwa A4 mkazitundike mahali, hata kwenye ukuta wa mgahawa wa mtu mnayemjua. Kwa hiyo tunzeni faili orijino kuanzia wiki ya kwanza, msitegemee zile zilizopita kwenye grupu, kwa sababu A4 yenye kutoka vizuri inataka kama pikseli 3508 kwa 2480 na iliyobanwa mara nyingi haifiki hapo. Fungua folda moja kwenye simu au Google Drive, kila picha ipe jina la wiki na mada.