Ukirithi Jambia la Mzee, Weka Msasa Chini

Kila msimu wa harusi hapa Mombasa naletewa majambia, yaani visu vilivyopinda vya kuvaliwa kiunoni, na panga zilizotolewa mvunguni, na swali huwa lile lile: "Fundi, litang'aa?" Litang'aa. Ila tulitazame kwanza, maana msasa ukishapita, alama za fundi wa zamani zimekwenda.

Kulichomoa kwenye ala, yaani kifuko chake, nako kuna adabu yake. Shika ala kwa bapa zake, vidole visizunguke kingo zake, maana jambia lina makali pande mbili. Mishono ya ala kongwe huachia, na chuma hupenya hapo hapo. Wala usishangae ukiona ala imepinda sana na jambia lenyewe halikupinda hivyo. Ile ncha ya ala ya Oman ni pambo tu.

Hesabu pete za ala. Nyingi zina 4. Aina ya Saidi, yenye jina la ukoo wa Al Said waliotawala Oman na Unguja, kwa kawaida ina 7. Kisha geuza mpini kwenye mwanga. Pembe ya ndovu iliyokatwa mkingamo huonyesha mistari myembamba inayopishana. Mfupa una vitobo vidogo vidogo. Plastiki haina chochote. Ukiona nyuzi kama nywele zilizogandamana, huenda ni pembe ya kifaru, ambayo biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 1977. Hilo usilitie kwenye sanduku la safari, hata kama shangazi yuko Muscat anakungoja.

Kama umerithi upanga mrefu ulionyooka, usio na kikinga mkono, wenye makali pande mbili, tazama karibu na mpini. Panga nyingi za Oman zilitiwa vyuma kutoka Ulaya, hasa Solingen, Ujerumani. Unaweza kukuta mbwamwitu amechorwa kwa mistari michache, alama ya mafundi wa huko. Usipige vigelegele bado: alama hiyo iliigwa mno, na muuzaji anayekuapia kuwa upanga ni wa huko kwa sababu yake tu, mimi simwamini.

Sasa kutu. Paka mafuta ya cherehani, acha yalale usiku mzima, ufute kwa kitambaa cha pamba. Kutu nyekundu iliyobaki ikwangue polepole kwa ukingo wa sarafu ya shaba. Shaba ni laini kuliko chuma, haitachora. Weusi ulioshikamana uache, ndio unaokinga chuma. Ndimu na majivu ni dawa ya sufuria. Nyuzi za fedha za pambo mpelekee sonara.

Usilihifadhi ndani ya ala. Ngozi na mti hunyonya unyevu wa bahari na kuubana kwenye chuma. Lifunge kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, ala ikae kando, na masika yakiingia lifungue ulikague. Siku ya harusi bwana harusi alivae, na akilivua tu ufute jasho la mikono yake kabla hamjaketi kula.