Namna ya Kutambua na Kuandika Mlinganyo wa Mstari

Mlinganyo ni sentensi ya kihisabati inayosema kwamba thamani mbili ni sawa, na alama ya sawasawa ndiyo kitenzi cha sentensi hiyo. Kwa sababu hiyo 3x + 5 si mlinganyo, kwa kuwa haisemi jambo lolote; lakini 3x + 5 = 20 ni mlinganyo, maana unaweza kuupima na kuona kwamba ni kweli x ikiwa 5 na si kweli kwa namba nyingine yoyote.

Ili mlinganyo uitwe wa mstari, kila herufi iliyosimama badala ya namba isiyojulikana lazima iwe na kipeo cha kwanza, yaani isizidishwe kwa yenyewe wala kwa herufi nyingine, isikae kwenye asili ya sehemu, wala isiingie ndani ya alama ya kipeuo cha pili. Hivyo y = 4x − 7 ni wa mstari, na vilevile x/3 + y = 6, kwa sababu kugawanya x kwa 3 ni sawa na kuizidisha kwa theluthi moja. Lakini y = 3/x si wa mstari, wala xy = 12, wala y = x² + 1. Masharti haya yanazihusu herufi tu, hayazihusu namba zinazoandamana nazo: y = √5x si tatizo iwapo kipeuo kimeifunika 5 pekee, ila kikiifunika na x, mlinganyo si wa mstari tena.

Usitoe hukumu kabla ya kufungua mabano na kurahisisha. Chukua x(x + 2) = x² + 6. Kwa jicho la haraka una kipeo cha pili pande zote mbili, na wengi huukataa hapo hapo. Ukifungua mabano unapata x² + 2x = x² + 6; ukiondoa x² kila upande unabaki na 2x = 6, ambao ni mlinganyo wa mstari kabisa, na jibu lake ni 3.

Jina lenyewe linatokana na grafu, kwani jozi zote za x na y zinazoutimiza mlinganyo wa namna hii wenye herufi mbili hupangika kwenye mstari mmoja ulionyooka. Unyoofu huo una sababu, na kwa maoni yangu sababu hiyo inafaa kueleweka kabla ya kanuni yoyote kukaririwa: kila x inapoongezeka kwa 1, y hubadilika kwa kiasi kile kile. Tuseme mtu anakodisha turubai kwa shilingi 30,000, na kila kiti kwa shilingi 500. Bila kiti hata kimoja unadaiwa 30,000. Kwa viti 100 unadaiwa 80,000. Kwa viti 101 unadaiwa 80,500. Kila kiti kinachoongezwa, kiwe cha kwanza au cha mia mbili, kinaleta 500 ile ile. Gharama ikiwa y na idadi ya viti ikiwa x, basi y = 500x + 30,000. Vitabu vya shule vya Afrika Mashariki huandika umbo hili y = mx + c, na vya Marekani huandika y = mx + b; m ni mteremko wa mstari, yaani kiasi ambacho y hubadilika kila x inapoongezeka kwa 1, na namba ya mwisho ni mahali mstari unapoukata mhimili wa y, yaani thamani ya y pale x inapokuwa 0.

Katika kuandika, ugumu mkubwa hauko kwenye hesabu, uko kwenye maana ya herufi. Al-Khwarizmi, mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye maandishi yake ndiyo yaliyotupa neno aljebra, aliandika milinganyo yake yote kwa maneno, na mwanafunzi anayeanza angefanya vyema kumfuata kwa hatua ya kwanza. Angalia sentensi hii: kwa kila mwalimu mmoja kuna wanafunzi 40. Ukifuata mpangilio wa maneno, mkono utaandika m = 40w, kana kwamba m ni mwalimu na w ni mwanafunzi. Sasa weka namba: walimu wakiwa 2, wanafunzi ni 80, na mlinganyo huo unasema 2 = 40 × 80, yaani 3,200. Kosa limetoka kwenye kuzisoma herufi kama watu. Andika kwanza, kwa sentensi kamili: "w ni idadi ya wanafunzi, na m ni idadi ya walimu." Kisha jiulize ni idadi ipi iliyo kubwa, na ni ipi inayopaswa kuzidishwa ili zilingane. Utapata w = 40m.

Mara nyingine hupewi maneno bali jozi mbili za namba. Maji huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi, ambazo ni 32 za Farenhaiti, na huchemka kwenye 100, ambazo ni 212, yakiwa kwenye kanieneo ya kawaida ya usawa wa bahari. Badiliko la Farenhaiti ni 180 na la Selsiasi ni 100, kwa hiyo mteremko ni 180/100, yaani 9/5. Selsiasi ikiwa 0, Farenhaiti ni 32. Basi F = 9/5 C + 32. Ujaribu kwa namba ambayo hukuitumia kuuandika: joto la mwili la nyuzi 37 linatoa 66.6 + 32, yaani 98.6, kama vipimajoto vinavyoonyesha.

Ukipewa jedwali, angalia pia hatua za x, usitazame za y peke yake. Katika jedwali ambalo x ni 1, 2, 4, 7 na y ni 5, 8, 14, 23, y inaongezeka kwa 3, kisha 6, kisha 9, na mtu anaweza kusema kwamba hakuna mstari hapo. Lakini x nayo imeongezeka kwa 1, kisha 2, kisha 3. Gawanya kila badiliko la y kwa badiliko la x linalolingana nalo, na mara zote tatu utapata 3. Ukirudi hatua moja kutoka x = 1 hadi x = 0, y inashuka kutoka 5 hadi 2, na mlinganyo ni y = 3x + 2.