Kukausha maua ya mlimani kwa ajili ya hebaria

Hebaria ni mkusanyo wa mimea iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa utafiti. Mmea hukaushwa kati ya kurasa za gazeti, na rangi ya ua haidumu humo. Ua la Kniphofia thomsonii ya milima ya Aberdare, lenye rangi ya machungwa likiwa hai, hukauka likawa kahawia. Basi andika rangi papo hapo, pamoja na harufu, urefu wa mmea, mwinuko, mahali na tarehe. Tumia penseli, maana wino huchuruzika ukinyeshewa. Namba ya daftarini ifungwe pia kwenye shina. Sampuli isiyo na namba ni majani makavu tu.

Aberdare na Mlima Kenya ni hifadhi, kwa hiyo kibali kitangulie. Ukifika, hesabu: mimea ikiwa chini ya 20, piga picha uiache.

Chimba mmea mzima, mizizi kwa ua, na matunda yakiwepo. Ukizidi sentimita 40, ukunje kama V au N. Geuza jani moja lionyeshe tumbo, kwani vinyweleo vya chini mara nyingi ndivyo vinavyotenganisha spishi. Tunguu lipasue kwa urefu; likiachwa zima huoza, au huchipua humo humo gazetini. Vichwa vinene vya maua ya Helichrysum huinua karatasi na majani ya kando yakajikunja, hivyo jazia pembeni kwa vipande vya gazeti.

Kishinikizo ni fremu mbili za fito, sentimita 45 kwa 30, na mikanda miwili. Kati ya magazeti weka makatoni yenye mawimbi, matundu yote yakielekea upande mmoja ili hewa ipite. Julai ya Nairobi, yenye baridi na mawingu, ndiyo huotesha ukungu kwenye sampuli: badilisha magazeti kila siku, angalau siku tatu za kwanza, na kaza mikanda kila mara kwa kuwa mimea husinyaa. Usiweke kishinikizo juu ya jiko. Majani huungua na kukatika. Gusisha sampuli shavuni: ikiwa baridi, bado ina maji.

Ikikauka, ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba ili wadudu wafe. Ukiitoa, usifungue mfuko mpaka ubaridi wote uishe, la sivyo umande utailowesha upya.

Sasa ibandike kwenye karatasi nene isiyo na asidi, mashina mazito yakishonwa kwa uzi, lebo pembeni chini kulia. Ukiwa na nakala ya pili, ipeleke Hebaria ya Afrika Mashariki, katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ikiwa na namba ileile.