Woody Strode juu ya shuka ya sita kwa sita: kuonyesha kazi ya mwigizaji wa pembeni nyumbani Lamu

Ukitaka kuwaonyesha watu wa nyumbani kazi ya mwigizaji wa pembeni, usiwawekee filamu nzima. Spartacus (1960) ina zaidi ya saa tatu, na Woody Strode, mwigizaji wa Kimarekani, yumo kwa dakika chache tu. Watoto watakuwa wamelala na wazee wamesharudi barazani. Kata vipande alimo yeye, vipange kwa mwaka, jumla isizidi dakika 45. Maelezo haya ni ya onyesho la kiwandani, yaani ule ua wa ndani wa nyumba za Mji wa Kale, kwa watu 20 au 25. Ukifungua mlango kwa umma au ukitoza kiingilio, kuna haki za wenye filamu na kuna Bodi ya Uainishaji Filamu, na hayo ni mambo ya kumaliza mapema.

Strode alizaliwa Los Angeles mwaka 1914, akafariki 1994. Kabla ya sinema alicheza futiboli ya Kimarekani. Mwaka 1946 yeye na mchezaji mwenzake Kenny Washington waliingia timu ya Los Angeles Rams, wakati ligi ya timu hiyo, NFL, ilikuwa imekaa miaka haina mchezaji mweusi. Kile kifua chake ndicho kilichomwingiza kwenye filamu, na ndicho kilichomfunga humo. Mara nyingi alipewa kusimama tu, maneno wakapewa wengine.

Anza na daftari, si kompyuta. Piga safu sita: mwaka, filamu, jina la mhusika kama analo, dakika anayoingia na anayotoka, anachofanya, na jina lake ni la ngapi kwenye orodha ya waigizaji. Safu ya mwisho usiiruke. Katika Sergeant Rutledge (1960) sajini wa kwenye kichwa cha filamu ni Strode mwenyewe, lakini jina la kwanza kwenye orodha ni la Jeffrey Hunter. Jambo hilo peke yake litawapa watu mazungumzo ya usiku mzima.

Pia andika urefu wa nakala uliyonayo. Nakala zilizotengenezwa kwa televisheni za Ulaya huenda picha 25 kwa sekunde badala ya 24, hivyo filamu ya dakika 100 inaisha kwa 96, na dakika ulizoandikiwa na mwenzako hazitaoana na zako. Spartacus nayo ilirekebishwa upya mwaka 1991, vipande vilivyokuwa vimekatwa vikarudishwa.

Kipande cha kwanza kiwe Sundown (1941). Hadithi yake ni ya Kenya wakati wa Vita Vikuu vya Pili, ingawa ilipigwa Marekani, na Strode ni askari wa kienyeji. Dakika mbili zinatosha. Watu watacheka kuiona Kenya ile. The Ten Commandments (1956), ambamo yeye ni mfalme wa Ethiopia, ibaki daftarini tu. Ndani yake yupo mtu anayemwigiza Nabii Musa, na ukiiweka mbele ya wazee wa Lamu onyesho limekwisha hapo hapo, na haki yao.

Spartacus ndiyo ya kukata kwa uangalifu. Wengi hukimbilia pigano, na hilo ni kosa. Anza pale Spartacus, mtumwa anayefunzwa kupigana uwanjani, anapomuuliza mtumwa mwenzake Draba, yaani Strode, jina lake, naye anakataa kulitaja, kwa kuwa huenda siku moja wakalazimishwa kuuana. Kisha ruka hadi kwenye kibanda cha mbao, wamekaa wawili wakingoja kuitwa uwanjani, kimya. Ndipo uweke pigano: mwenzake ana kisu na ngao ndogo, Draba ana wavu na mkuki wa meno matatu. (Mvuvi yeyote wa Shela ataanza kukosoa anavyoushika ule wavu. Mwache akosoe.) Draba anashinda, anaelekeza mkuki shingoni mwa mwenzake, halafu anaugeuza na kuwarushia wakubwa wa Kirumi waliokaa juu. Bila kile kipande cha jina, mtazamaji hataelewa kwa nini amemwacha hai.

Kwenye Sergeant Rutledge, sajini anashtakiwa, na kesi yenyewe ni ya ubakaji na mauaji. Wakiwapo watoto, weka pale anapovuka mto Pecos juu ya farasi. The Man Who Shot Liberty Valance (1962) inataka kipande kimoja tu: Pompey, yaani Strode, amesimama darasani akisoma kwa kichwa tamko la uhuru wa Marekani, na anasahau mstari usemao watu wote wameumbwa sawa.

Sasa kitambaa. Kitambaa cha marekani ni kizuri, lakini upana wake mdogo. Utaunga vipande viwili na mshono utapita usoni pa mwigizaji. Chukua shuka nyeupe ya kitanda cha sita kwa sita. Juu ipitishie fito, chini fito nyingine ya uzito. Usiikaze pembe zote nne: upepo wa kusi ukiingia kiwandani, shuka inakuwa tanga na itachanika au itaondoka na fito zake. Tazama kitabu cha projekta: ukiona kipimo cha umbali kwa upana wa picha (throw ratio) cha 1.5, picha ya upana wa mita 2 inataka projekta iwe mita 3 nyuma. Iweke juu ya meza, iwe sawa na shuka. Ukiiweka chini na kuiinamisha kwenda juu, picha inapanuka kichwani.

Umeme ukikatika, jenereta iache. Betri ya volti 12 ya Ah (ampea-saa) 100, ukiitumia nusu, inakupa kama Wh (wati-saa) 600. Projekta ya wati 250, laptopu na spika ndogo zitakwenda saa moja na nusu bila wasiwasi. Kukwepa jenereta kuna sababu nyingine pia, ambayo ni kipande cha mwisho, mwanzo wa Once Upon a Time in the West (1968). Strode amesimama kituoni chini ya tangi la maji. Tone linamwangukia kwenye upara, jingine, jingine. Anavaa kofia, na maji yanakusanyika juu yake. Hasemi kitu. Sauti ya yale matone ndiyo maneno yake, na jenereta ya jirani itayameza yote. Baadaye anaivua kofia polepole, anayanywa yale maji.

Weka kipande hiki baada ya Isha kabisa, adhana ikiwa imekwisha na punda wametulia.