Caravan: jinsi ya kucheki oili na mafuta ya tabaini bila kudanganywa na dipstiki

Vijana wengi wanaingia hanga, yaani banda la kutengenezea ndege, wakitokea kwenye gari na pikipiki, kwao oili ni oili tu na mafuta ni mafuta. Kwenye tabaini, yaani injini ya aina ya jeti isiyo na pistoni, hiyo haipo. Nitatumia Cessna Caravan maana ndo ndege inayopeleka watalii Serengeti, Mafia, Mara na kila kiwanja cha vumbi, injini yake ni PT6A ya Pratt & Whitney Canada na ukishaielewa hiyo, nyingine hazitakusumbua sana. Ila kitabu cha ndege ndo chenye kauli ya mwisho, sio mimi.

Tuanze na oili, na hapa kinachowashinda wengi ni muda wa kupima. Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ina alama mbili, ya moto na ya baridi. Alama ya moto isome ndani ya dakika 10 tangu injini izimwe, ya baridi isome asubuhi kabla ya safari ya kwanza ikiwa imepoa kabisa. Ukija katikati hapo, mfano imezimwa saa moja iliyopita na bado ina uvuguvugu, namba utakayoiona ni ya uongo kwa sababu oili inakuwa inachuruzika taratibu kutoka kwenye tanki lake kwenda kwenye giaboksi. Hapo inabidi kwanza uizungushe injini kwa stata bila kuiwasha ndo upime. Sasa wengi hawafanyi hivyo, wanaona imeshuka wanamimina kopo zima, injini ikiwaka ile oili iliyojificha inarudi tankini, inazidi, inatemwa nje kwa bomba la kupumulia na tumbo la ndege linachafuka lote, alafu watu wanashinda wanatafuta sili (kizuizi cha kuvuja) iliyokufa wakati hakuna kilichokufa.

Ukimaliza kupima rudisha kifuniko, kifunge mpaka kishike kisha kijaribu kwa mkono. Usikiamini kwa macho. Kikiwa wazi angani oili inatoka mpaka injini isimame, na hiyo ni injini moja tu unayo.

Oili yenyewe sio ya madini, ni ya kutengenezwa (sintetiki), jamii ya esta, na kiwango kinachotumika zaidi kinaitwa MIL-PRF-23699. Ni nyepesi sana, kwenye joto la nyuzi 100 uzito wake wa kutiririka ni kama sentistoki 5 tu, bado inatiririka kwenye baridi ya nyuzi 54 chini ya sifuri na mvuke wake haushiki moto mpaka upite nyuzi 246. Na kazi yake sio kulainisha tu, inapoza beringi, inabeba uchafu, inageuza pembe ya mapanga ya propela ya mbele, tena inapasha joto mafuta yanayoingia injini. Kwahiyo usichanganye kampuni, kama ndege inatumia Mobil Jet Oil II endelea na hiyo hiyo, ukitaka kuhamia nyingine fuata utaratibu wa kitabu. Halafu kuna kemikali ya kuzuia vyuma kulika humo ndani ambayo ni sumu, vaa glavu, na ikidondokea rangi ya ndege futa haraka maana inaila.

Rangi ikiwa nyeusi kidogo usipaniki, inazeeka. Mi naogopa vitu viwili: vumbi la chuma linalometa kwenye filta, na oili inayopanda wakati hujaongeza. Hiyo ya pili, inusie dipstiki. Ikinuka mafuta ya taa basi kile kipasha joto kinavuja na mafuta yanaingia kwenye oili, ndege hairuki.

Kwa marubani: ukitua acha injini iungurume taratibu angalau dakika moja ndo uzime. Ukizima ghafla joto linabaki kwenye beringi za karibu na tabaini, oili inaungua inakuwa masizi magumu yanayoziba vitundu vidogo. Najua abiria wanasubiri, wasubiri.

Haya, mafuta. Jet A-1 ni mafuta ya taa yaliyosafishwa kwa masharti makali, yanaanza kuganda nyuzi 47 chini ya sifuri, wakati Jet A ya Marekani ni 40. Hayana rangi au ni manjano hafifu. Avgas 100LL, petroli ya ndege za pistoni, ni ya bluu, na ina madini ya risasi yanayoacha utando kwenye tabaini ndo maana PT6A inaruhusiwa kuitumia kwa dharura tu, saa 150 kati ya ukarabati mkubwa na mkubwa. Ila kinyume chake ndo kinaua, Jet A-1 kwenye injini ya pistoni. Ukiwa na wasiwasi dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe, avgas inapotea mara moja, Jet inaacha doa la mafuta.

Maji ndo adui mkubwa, hasa ukilaza ndege Zanzibar au Mombasa na unyevu ule. Toa sampuli chini ya mabawa, kwenye tanki dogo la chini ya tumbo na kwenye filta, asubuhi na kila baada ya kujaza, ila ukishajaza subiri kwanza maana maji yanazama polepole kwenye Jet. Weka kwenye chupa ya kioo. Ukiona ukungu kama maji ya kuoshea mchele, tulia uangalie: ukianza kuondoka kutoka chini kwenda juu ni hewa tu, ukiondoka kutoka juu kwenda chini ni maji. Ukikuta ute mweusi ni kuvu, wanaishi pale maji yanapokutana na mafuta.

Na msidharau maji kidogo. Januari 2008 Boeing 777 ya British Airways ikitokea Beijing ilianguka kabla ya kufika njia ya kutulia Heathrow, London, mafuta yalikuwa safi kwa viwango vyote, barafu ya yale maji machache tu ndo iliziba kipasha joto.

La mwisho hesabu. Gari la mafuta linauza lita, ndege inahesabu uzito, na lita moja ni kama kilo 0.8. Mwaka 1983 Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani ikatua Gimli, Kanada, bila injini kwa sababu walizidisha lita kwa 1.77, namba ya paundi, wakidhani ni kilo. Kwahiyo omba densiti (uzito wa lita moja) ya siku hiyo kwa mwenye gari la mafuta, zidisha kwa hiyo, na kama jua ni kali jua kabisa kwamba lita zile zile zina uzito pungufu.